Namba Zetu Zote Ni za Mkononi: Barua ya Wazi kutoka Kadutu

Kwa wakuu na wahandisi wa kampuni za simu za mkononi zinazofanya kazi Kongo, na kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini

Waheshimiwa,

Naandika kutoka Kadutu, Bukavu. Niko katika chumba kidogo nyuma ya kituo cha afya. Humu mna kompyuta moja kuukuu, ruta moja, betri mbili za kutuvusha kuran inapokatika, na daftari la shule. Kompyuta hiyo ndiyo simu yetu. Inaendeshwa na Asterisk, programu ya bure iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999 na kijana aitwaye Mark Spencer, ambaye hakuwa na pesa za kununulia kampuni yake mtambo wa simu, akaamua kuutunga mwenyewe. Sisi pia hatukuwa na pesa za mtambo. Simu tano zimeungwa humo: mapokezi, materinite, maabara, famasi na ofisi ya mhasibu. Simu za kwenda nje hupita kwenye intaneti hadi kwa muuzaji wa huduma aliyeko Ulaya, kwa kuwa ndugu zetu wa Ubelgiji ndio waliotulipia, wakatupatia na namba ya Brussels ili wakitupigia walipe kama wanampigia jirani.

Daftari ndilo lililonifanya niwaandikie. Lilianza usiku mmoja ambapo mkunga wa zamu aliinua simu ya materinite kumwita motari, dereva wa pikipiki, aliyeahidi kumpeleka mama mmoja hospitali kubwa, maana uchungu ulikuwa umekaa vibaya. Ikatoa mlio mfupi, mara tatu, ikakata. Akajaribu namba ya motari wa pili. Kimya. Akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, kwa unite alizonunua kwa pesa yake, akapiga, na motari wa kwanza akaitika hata kabla mlio wa pili haujaisha. Mama alifika, mtoto alizaliwa salama. Asubuhi mkunga alinijia, hakupandisha sauti: “Papa, simu yako inaongea na Ubelgiji. Kwa nini haiongei na Nyamugo?”

Nyamugo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka hapa. Tangu siku hiyo ninaandika kila simu iliyokataa: saa, namba iliyopigwa, alichosikia mpigaji, na kile mashine yenyewe ilichoandika. Nimejifunza mengi humo. Mengine yalikuwa makosa yetu, nami nitayasema wazi ili msidhani nimekuja kulalamika tu. Yaliyobaki yako mikononi mwenu.

Kwanza lazima niseme jambo ambalo nadhani mtu aliye mbali na Kivu halioni. Vitabu vya kufundishia mitambo hii viliandikwa kwa ajili ya nchi zenye simu ya waya katika kila nyumba. Humo, “kupiga simu ya mkononi” ni jambo la pembeni, la gharama, ambalo mwenye ofisi anaweza kulifunga ili wafanyakazi wasimtie hasara, na kazi ikaendelea kama kawaida. Kwetu hakuna hiyo pembeni. Nyaya za posta ya zamani, zilizoitwa ONPTZ na baadaye OCPT, zilikufa. Telecel ya Miko Rwayitare ilianza Kinshasa katika miaka ya 1980, miongoni mwa mitandao ya kwanza ya simu za mkononi katika Afrika, lakini ilikuwa simu ya wakubwa. Watu wa kawaida walipata simu Celtel ilipokuja, ile iliyogeuka Zain kisha Airtel, na Vodacom ilipoingia mwaka 2002, halafu Tigo, ambayo Orange iliinunua mwaka 2016. Tuliruka waya kabisa. Motari, mume wa mgonjwa, mwenye famasi ya jumla, daktari wa hospitali ya rufaa, hata ofisi ya komine, wote namba zao ni za mkononi. Mtambo wa Kadutu usioweza kupiga simu ya mkononi hauwezi kumpigia mtu yeyote.

Basi nilianza na namba zenyewe.

Ukutani materinite palikuwa na karatasi ya namba za haraka. Nilipoisoma kwa macho ya mashine, niliona namba za aina moja zimeandikwa kwa njia tano. Nyingine ilianza na 099, nyingine 243, nyingine alama ya kujumlisha na 243, nyingine 00243, na moja iliandikwa 243 kisha sifuri kisha 99, kosa ambalo hata watu waliosoma hulifanya kila siku kwenye kadi zao za biashara. Binadamu anajua zote ni mtu mmoja. Simu ya mkononi nayo inajua, kwa kuwa iko ndani ya mtandao wa Kongo, na sifuri ya mwanzo ina maana moja tu hapo. Mtambo wetu kwa desturi ya muuzaji wake ulikuwa mkazi wa Ubelgiji. Ulipopewa 081, haukuona Vodacom. Uliona Namur, kwa kuwa 081 ndiyo namba ya eneo la Namur. 085 ni Huy. 089 ni Genk. Na 09, ambayo kwetu ikifuatwa na 7 au 9 ni Airtel, kule ni mji wa Gent. Nilikaa kitini nikiangalia orodha ile kwa muda mrefu. Tulikuwa tunamwita motari wa Nyamugo, na mashine ilikuwa inagonga milango ya Flandria na Walonia.

Namba za nyumbani za Ubelgiji zina tarakimu tisa pamoja na sifuri. Zetu zina kumi. Mara nyingi simu ilikataliwa pale pale kwa kuzidi tarakimu moja. Lakini si mara zote. Muuguzi mmoja aliniambia kuwa kuna usiku alisikia mzee akiitika kwa Kifaransa cha huko, sauti nzito ya usingizi, akiuliza nani anayemwita saa hiyo. Muuguzi aliomba radhi akakata, akadhani amekosea kubonyeza. Hakukosea. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imeachwa njiani, na namba ya jirani yetu ikawa namba ya mzee asiyetujua.

Bukavu ina ugumu wake mwingine wa mpakani. Ng'ambo ya mto Ruzizi ni Rwanda, na wengi hapa wana sim ya Rwanda kwa ajili ya biashara ya Cyangugu au kwa sababu rezo ya upande ule inafika hadi chumbani kwao. Namba hizo huanza na 078, 079, 072, 073, na watu huzikariri hivyo bila kutaja 250. Ndugu wa Uvira wenye jamaa Bujumbura hutuachia namba za Burundi, tarakimu nane tupu bila sifuri. Kwa hiyo kanuni niliyoiandika ndani ya mtambo ni ya mji wetu, sikuinakili kwenye kitabu: tarakimu kumi zinazoanza na 08 au 09, ondoa sifuri, weka 243, tarakimu kumi zinazoanza na 07, ondoa sifuri, weka 250, tarakimu nane, weka 257, ikianza na sifuri mbili, ziondoe, ukikuta sifuri baada ya 243, ifute. Kila namba hutoka hapa ikiwa kamili, ikianza na namba ya nchi, jinsi Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilivyopanga, tarakimu zisizozidi 15. Fundi mwenzangu wa Goma au wa Uvira akisoma hapa, achukue kanuni hii aipime kwake.

Kosa hilo lilikuwa letu. Nililirekebisha jioni moja, nikamwita mkunga ajaribu, simu ya motari ikaita. Tukashangilia. Wiki iliyofuata daftari lilikuwa na mistari mipya kumi na moja.

Safari hii mashine ilikuwa inaandika neno lingine. Lugha inayotumiwa na simu za intaneti, iitwayo SIP, ambayo kanuni zake kuu zilitolewa mwaka 2002, hujibu kila ombi kwa namba. Mtu akiwa na simu nyingine ni 486. Namba isiyokuwepo ni 404. Mtu asiyepatikana kwa sasa ni 480. Sisi tulipata 403, maana yake: nimekuelewa, nimekataa. Baada ya jaribio letu, muuzaji alikuwa amefunga mlango wa simu za mkononi za Kongo, na hakuwa ametuambia.

Nilimwandikia kwa hasira. Alinijibu kwa utulivu, na baada ya kumsoma mara ya tatu nilimwelewa. Kuna wezi ambao kazi yao ni kuzunguka intaneti usiku na mchana wakigonga kwenye mlango namba 5060, ule wa SIP, wakitafuta mtambo wenye neno la siri jepesi. Wakiupata, usiku wa Jumamosi hupiga maelfu ya simu kwenda nchi ambako dakika ni ghali, wakiwa wamepatana na mtu wa mwisho wa njia wagawane malipo. Jumatatu mwenye ofisi anakuta deni la kumfilisi. Na dakika ya kwenda simu ya mkononi ya Kongo kutoka Ulaya ni ghali mara kumi na zaidi kuliko dakika ya kwenda simu ya nyumbani ya Brussels. Kwa hiyo wauzaji wengi hutufunga sisi wote, wezi na wakunga pamoja. Nilifungua neno letu la siri nikalikuta ni jina la kituo na mwaka. Nililibadilisha siku hiyo hiyo, nikazuia mlango usipokee mgeni yeyote ila muuzaji wetu, nikamwomba afungue 243 kwa kikomo cha pesa kwa siku. Alifungua.

Alifungua nusu. Namba za kampuni moja zilipita, za nyingine zikakataa. Ndani ya mwezi huo niligundua sababu mbili. Ya kwanza, katika akaunti yetu kulikuwa na bei ya juu kabisa ya dakika, na kwa baadhi ya namba za Kongo bei iliipita. Ya pili ndiyo inayowahusu. Orodha ya namba za mwanzo za Kongo aliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani. Kampuni zinapoongezewa kundi jipya la namba, sisi huku tunajua baada ya siku chache kwa sababu wauza sim wa soko la Kadutu wanazitandaza mezani. Muuzaji wa mbali hajui. Kwake, namba isiyo kwenye orodha haina bei, na isiyo na bei haipigwi. Kuna baba niliyemtafuta siku mbili kumjulisha majibu ya damu ya mwanawe, na kosa lake lilikuwa kununua sim mpya.

Halafu kuna suala la namba ya mpigaji. Nilitaka watu wakipigiwa waone namba ya Kongo wanayoijua, ile ya mapokezi. Niliiweka. Simu zikaanza kukataliwa tena. Sababu yake ina haki ndani yake: simu inayoingia kutoka nchi ya nje huku imevaa namba ya ndani inafanana na utapeli, na nchi nyingi sasa zinakaza hapo. Marekani ilizilazimisha kampuni zake kubwa kuthibitisha namba ya mpigaji kuanzia tarehe 30 Juni 2021. Nilirudisha namba ya Brussels. Tangu hapo mtu wa Kadutu tukimpigia kumwambia aje kuchukua dawa anaona +32. Wengine huitika kwa furaha, wakidhani ni mtoto wao aliyepotea huko Ulaya miaka sita amekumbuka nyumbani. Nimesikia furaha ile ikizimika masikioni mwa muuguzi wetu, naye hapendi kuzipiga simu hizo. Wengine hawaitiki kabisa, wakiogopa matapeli.

Mengine nitayapitia haraka. Simu zilizokatika kila mara kwenye sekunde ya 32 zilitokana na ruta yetu kuificha anwani ya kweli ya mtambo, hata jibu la mwisho la makubaliano likawa halifiki. Mwenye tatizo hilo aangalie sekunde kwanza kabla ya kulaumu rezo. Simu zilizoita kisha zikawa bubu upande mmoja zilikuwa na asili hiyo hiyo. Na nilipunguza uzito wa sauti kutoka kilobiti 64 kwa sekunde hadi 8, kwa sababu intaneti yetu ya saa moja jioni haibebi zaidi. Hayo yameisha.

Sasa nafika kwa kisichoisha.

Nimeeleza kuwa SIP hujibu kwa namba. Mitandao yenu nayo ina lugha yake ya sababu, ya zamani kuliko hiyo, iliyopangwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano. Mnaijua kuliko mimi. Sababu ya 1: namba haijagawiwa mtu. 17: ana simu nyingine. 19: imeita, hakuitika. 20: hayupo kwenye rezo. 28: namba imeandikwa vibaya. 34: hakuna njia iliyo wazi, zimejaa. 38: mtandao wenyewe una hitilafu. Tangu Desemba 2002 kuna kanuni ya wazi ya kutafsiri kila moja ya hizo kwenda kwenye SIP. Kwa hiyo simu inapokufa, mahali fulani katika mtambo wenu sababu imeandikwa, kwa tarakimu chache, katika sekunde ileile. Mtandao unajua.

Anayepiga haambiwi. Anasikia sauti nzuri ya kike ikisema mtu unayemwita hapatikani kwa sasa.

Siku moja niliweka simu mbili mezani, za kampuni mbili tofauti, zote zimewaka, rezo imejaa, unite zipo. Nikapiga kutoka moja kwenda nyingine. Hapatikani. Simu ya pili ilikuwa sentimita ishirini kutoka mkononi mwangu, kioo chake cheusi, haikutikisika. Nikajaribu mara kumi. Mara nne ilipita, mara sita hapatikani. Jioni hiyo hiyo nilipiga namba ile ile kutoka mtambo wetu kupitia Ulaya, na kwenye majibu yaliyorudi, chini ya sauti ile ya kike, palikuwa na namba 34. Njia kati ya mtandao na mtandao zilikuwa zimejaa. Mwenye simu alikuwa anapatikana kabisa. Kilichokosekana ni nafasi ya kumfikia.

Sitaji kampuni, na sijui kama nyingine zingefanya tofauti siku hiyo. Ninachotaka mkione ni kazi inayofanywa na neno lile mtaani. Mkunga akisikia “hapatikani” haelewi kuwa njia zimejaa ajaribu tena baada ya dakika moja. Anaelewa kuwa motari amezima simu akalale. Anampigia mwingine, wa mbali zaidi, na kesho yake motari wa kwanza anaulizwa kwa nini alimwacha mgonjwa. Nimekuwa katika kikao cha kumfukuza mtu kwenye orodha yetu kwa kosa hilo. Nilileta daftari. Alibaki. Ni wangapi waliofukuzwa mahali ambapo hakuna daftari? Mume anasikia “hapatikani” kwa mke aliyekwenda Uvira. Mdai anasikia “hapatikani” kwa mdaiwa. Katika mji ambao watu wanabeba sim mbili au tatu ili kila mtandao upigiwe kwa mtandao wake, neno hilo limekuwa ushahidi unaotumiwa kuhukumu watu.

Na katikati ya Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, mliona wenyewe kwenye vipimo vyenu jinsi kila mtu alivyokuwa anampigia kila mtu. Nilikuwa hapa. Kuna mama jirani yetu alimpigia mwanawe kutoka asubuhi hadi usiku, na kila mara akaambiwa hapatikani. Kufika saa tatu alikuwa amekaa chini, kitambaa kichwani, wanawake wamemzunguka, wanalia. Kijana alikuwa Panzi, nyumbani kwa rafiki, simu mkononi, akimpigia mama yake siku nzima na akiambiwa neno lilelile. Sijui mitambo ilikuwa katika hali gani siku ile, na wahandisi waliobaki kazini siku hizo nawaheshimu kwa moyo wote. Lakini sauti ingeweza kusema: njia zimejaa, jaribu tena. Maneno manne, na mama yule asingekaa chini.

Ninalowaomba, basi. Irekebisheni sauti. Iseme kilichotokea kweli, kwa Kiswahili na kwa Lingala na kwa Kifaransa, ujumbe mmoja kwa kila sababu: amezima au hayupo kwenye rezo; ana simu nyingine; namba si kamili; njia zimejaa, jaribu tena. Hakuna mnara wa kujenga kwa hilo. Ni kurekodi sentensi chache na kuzifunga kwenye namba ambazo tayari mnazo. Na simu inapotoka kwenu kwenda kwa mtambo mwingine, iacheni sababu ya kweli isafiri nayo, msiigeuze yote kuwa 480 au 503, kwa sababu fundi wa upande wa pili anaitegemea kama daktari anavyotegemea kipimajoto.

Tufungulieni pia mlango wa halali. Leo nikitaka mtambo wa kituo chetu uongee na Nyamugo, nina njia mbili. Moja ni hiyo ya kupitia Ulaya, ambapo sauti ya mkunga inavuka bahari kumfikia mtu anayeonekana dirishani. Ya pili ni kununua kile kisanduku cha kuchomeka sim ndani yake, kikapiga kwa niaba ya mtambo. Tuliwahi kupewa kimoja. Sim yake ilifungwa baada ya wiki tatu, kwa sababu ilipiga simu nyingi bila kupokea, tabia ya wezi wa simubox wanaopitisha simu za kimataifa kwa bei ya ndani. Siwalaumu kwa kuwawinda wezi hao. Wanawaibia ninyi na hazina ya nchi. Lakini kituo cha afya chenye simu tano si mwizi, na kwa sasa hakina njia ya kuonyesha kuwa si mwizi. Kampuni kubwa na mashirika ya kimataifa huunganishwa na mitambo yenu moja kwa moja kwa SIP, yakapewa na namba za Kongo. Wekeni kipimo kidogo cha huduma hiyo hiyo: njia mbili au tatu, namba moja, karatasi za utambulisho wa kituo, malipo ya kabla kama tunavyonunua unite. Shule, redio za jamii, vituo vya afya vya Kadutu na Bagira vingejiandikisha. Hapo mtu tunayempigia angeona namba ya Bukavu, na muuguzi wetu asingekuwa tena anazima furaha ya wazazi.

Kwa mamlaka, iliyopewa kazi hii na sheria za mwaka 2002 na ile ya namba 20/017 ya Novemba 2020: kila kundi jipya la namba linapofunguliwa, litangazeni mapema na mlipeleke kwenye jarida la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ambalo wauzaji wa nje hulisoma, ili sim mpya isiwe simu isiyofikika. Na pimeni simu zinazokufa kati ya mtandao na mtandao, mji kwa mji, mkachapishe. Najua kwamba kati ya Kinshasa na sisi leo kuna mstari wa vita, mabenki yetu yalifunga milango, na barua nyingi za huku hazina ofisi ya kuzipokea. Namba zetu lakini bado zinaanza na 243, na mitambo inayozihesabu haijui mstari huo.

Najua pia mnayoyabeba. Mnara unaolishwa kwa mafuta ya jenereta yanayopanda mlima kwa vichwa vya watu, kebo zinazokatwa na maporomoko, wafanyakazi wanaopita vizuizi. Siwaombi rezo isiyokatika. Hata hapa Kadutu, ambako nyumba zimebanana hadi moto ukizuka gari la zima-moto haliingii, tunajua kuishi na kinachokatika. Ukituambia njia imejaa, tutasubiri. Tutatuma mtoto akimbie.

Daftari liko wazi kwa mhandisi yeyote atakayefika, au atakayenitumia mtu. Kila mstari una saa, dakika, namba ya sababu na maneno aliyoyasikia mpigaji. Nimeficha tarakimu za mwisho za wagonjwa. Niko tayari kukaa naye kuanzia alasiri hadi usiku, saa ambazo simu hufa zaidi, tukapiga pamoja kutoka mtambo huu kwenda kila mtandao, yeye akitazama upande wake na mimi upande wangu.

Mpaka ninapotia saini barua hii, mistari kumi na saba bado haina sababu. Nimemaliza kuchunguza kila kitu kilicho upande wa ukuta wetu. Saa za simu hizo kumi na saba nimeziandika nyuma ya bahasha. Kwenye mitambo yenu kila moja ina namba ya sababu mbele yake.

Kwa heshima,

Fundi wa simu wa kituo cha afya
Kadutu, Bukavu